Spika za Yona

Issa hajawahi kujua kuizungusha habari mbaya. Alinipigia simu Jumamosi mchana, nimekaa uani nachambua mchele, akasema, "Mwalimu, Yona ametutoka. Tunazika kesho Kibakwe." Nyuma yake nilisikia spika ikijaribiwa, mlio mzito unaokatika na kurudi, nikajua yuko dukani kwake, maana Issa bado anafunga redio za magari, ila siku hizi ana duka lenye milango ya vioo, na magari anayoyafungia ni yale makubwa yaliyokuja serikali ilipohamia Dodoma. Nikamwambia nimesikia. Akauliza kama anipitie asubuhi twende pamoja, nikamwambia anipitie. Kisha nikamaliza kuchambua ule mchele, nikaupika, tukaula, na mezani pangu hapakuwa na mtu aliyewahi kulisikia jina la Yona, nami sikulitaja. Nilipokuwa naosha vyombo ndipo nilipotambua kwamba ule mwaka wetu mmoja, ambao nilidhani nimeshauzika mimi mwenyewe kabla ya mtu yeyote kufikiria kumzika Yona, ulikuwa umekaa mahali unanisubiri, na vyumba vyake, na vyakula vyake, na kelele zake zote.

Nilikuwa mwalimu mpya wakati huo, nimepanga chumba mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, katika nyumba ya mama yake Yona. Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinatazamana na ua, na kuta zake hazikufika kwenye bati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mbele unampa pole ukiwa chumba cha nyuma. Sebuleni makochi yalivikwa vitambaa alivyofuma Mama kwa mkono wake, vyeupe, na msimu wa upepo vilikuwa vyekundu kwa vumbi kabla ya saa nne asubuhi, akavikung'uta, akavitandika tena bila kulalamika. Jioni tulikula pamoja, ugali wa uwele na mlenda, wakati mwingine maziwa ya mgando. Yona ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya yetu. Alikuwa anapiga kinanda, anatunga, na akiinua mkono wake wa kushoto sisi wa sauti ya kwanza tulikuwa tunajua anataka tupande bila kupiga kelele. Tulikuwa tumekubaliana kuoana. Halafu kikaja kifua, dawa za kawaida zikashindwa, madaktari wakasema ni kifua kikuu sugu, wakampeleka hospitali ya mbali kaskazini, akakaa huko miezi mingi hata watu wa kwaya wakaanza kumtaja kwa wakati uliopita.

Siku aliporudi majirani walipiga vigelegele hadi barabarani. Alishuka amevaa koti kubwa kwenye jua la saa nane, mashavu yameingia ndani, anacheka. Mama alikuwa amepika chai ya tangawizi na maandazi ya kutosha mtaa mzima. Watu wakaingia, wakakaa, wakamsifu Mungu, na hakuna hata mmoja aliyegusa kikombe. Niliiona ile chai ikiunda utando juu, kikombe kimoja baada ya kingine, na Mama akipita katikati yao akisema, "Karibuni, kunyweni, kunyweni," hadi sauti yake ikabadilika. Walipoondoka alivimwaga vyote kwenye mchanga nyuma ya jiko, akavisuuza, akamwekea Yona kikombe chake cha bati, chekundu, na toka siku hiyo hakupika chai ya wageni kwa muda mrefu. Nayakumbuka maandazi yale kuliko ninavyokumbuka sala zilizosaliwa. Tuliyala kwa siku kadhaa, yakawa magumu, tukayachovya kwenye uji.

Matibabu yalikuwa hayajaisha. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alikwenda kliniki kuchomwa sindano, na akirudi alikuwa anakaa kwa upande mmoja. Nesi wa pale, mama mtu mzima mwenye miwani, alituita mimi na Mama tangu mwanzo, tukakaa naye kwenye benchi, akatuambia bila kuficha: "Hizi dawa ni kali. Zinaua ugonjwa, lakini wengine zinawagusa masikio. Akianza kulalamika kuhusu masikio, mniambie." Mama akaitikia, "Sawa, nesi," kama vile mtu wa Dodoma anavyoitikia akiambiwa kwamba mvua inaweza kunyesha mwezi wa nane. Tulichokuwa tunakiogopa kilikuwa mapafu. Masikio ya Yona hakuna aliyewahi kuyaogopea. Yalikuwa ndiyo kitu kizima kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Alikuwa na gari, Corolla ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya siagi, aliyoitumia kubebea vyombo vya kwaya. Kwa kuwa aliambiwa akae penye hewa, akawa anashinda humo, limeegeshwa chini ya mwarobaini ubavuni mwa nyumba, milango yote minne wazi, yeye amelaza kiti cha dereva. Gari likawa chumba chake. Redio yake ilikuwa na spika moja tu iliyobaki hai, mlango wa kushoto, nayo ilikuwa inakoroma. Alikuwa na sidii ya kwaya tuliyorekodi kabla hajaugua, na redio ile haikumeza sidii, basi siku moja akasema, "Damari, twende kwa fundi. Nimechoka kusikiliza nzi." Ndivyo tulivyofika kwa Issa. Alikuwa kijana kutoka Kolo, mwembamba, mpole, ana kibanda cha mabati makuukuu karibu na Majengo, na bisibisi haikutoka sikioni mwake. Alilizunguka gari, akafungua milango, akauliza, "Kaka, unataka isikike au unataka itikise?"

"Nataka isikike," Yona akasema. "Kila sauti mahali pake."

Issa akafunga redio mpya, spika mbili za milangoni, na zile spika ndogo za kutoa sauti nyembamba, wanazoziita twita, akaziweka pembeni kwenye dashibodi, kulia na kushoto. Alichomeka, akakaza, akatuambia tuingie. Katika wimbo wa pili wa ile sidii kuna mahali ambapo kwaya nzima inanyamaza na mimi napanda peke yangu. Ilipofika pale Yona aliinua mkono wake wa kushoto kutoka kwenye usukani, taratibu, vile vile kama kanisani, na Issa aliyekuwa amechuchumaa nje akaacha kukusanya nyaya zake. Tulizunguka mji mzima jioni ile, tukanunua zabibu, tukazila ndani ya gari tukitema mbegu dirishani. Alikuwa anaongea kuhusu harusi kama mtu anayeongea kuhusu wiki ijayo. Kama mwaka ule ulikuwa na siku moja njema, ndiyo ile, na siku hizi huwa najizuia kuikumbuka sana, kama unavyozuia mtoto asilichezee vazi la msiba.

Hazikupita wiki nyingi akasema twita zimekufa. Tulirudi kwa Issa, akazipima, akasema nzima, lakini kwa heshima akabadilisha. Baada ya muda tena, zimekufa. Akabadilisha nyingine, za aina nzuri zaidi. Yona akasema labda redio haina nguvu ya kuzisukuma, inabidi amplifaya, na ili ainunue akauza kinanda chake. Hilo lilimshtua Mama kuliko kitu kingine chochote. "Mwalimu wa kwaya anauzaje kinanda?" aliniuliza jikoni, anakoroga mlenda, hanitazami. Kanisani maneno yalianza. Nilikuwa nimeinama nafunga kiatu nyuma ya mlango, akina mama wawili wakapita, mmoja anasema, "Ameponea chupuchupu, badala ya kumshukuru Mungu anafunga muziki kwenye gari," na mwenzake akacheka, "Si unajua tena, mtu akinusurika kufa lazima aringe kidogo." Ningeweza kuwaambia kwamba muziki wenyewe ni wao, ni sauti zao ndizo anazozitafuta humo ndani. Lakini hata mimi sikujua bado anatafuta nini.

Issa ndiye aliyesema, "Leo tukate mzizi wa fitina." Ilikuwa asubuhi, upepo haujaanza. Akachomoa nyaya za spika za milangoni, akaacha twita peke yake, ili ajue moja kwa moja kama zinafanya kazi. Yona alikaa kiti cha dereva, mikono magotini. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Issa akaweka wimbo wa pili, akausogeza hadi pale ninapopanda peke yangu, akabonyeza. Sauti ikatoka, nyembamba, kali, haina mwili, sauti yangu kama nisivyowahi kuisikia popote pengine, kutoka pembe mbili za gari. Ilinichoma. Issa alikuwa amesimama mlangoni ameshika waya, anamtazama Yona. Yona alikuwa anatazama mbele, ametulia, amekunja uso kidogo kama mtu anayejiandaa kusikiliza. Tulikaa hivyo. Sauti yangu kwenye sidii ilikuwa imeshafika sehemu ya juu kabisa, ile iliyonisumbua siku ya kurekodi hadi nikalia, na Yona akageuka akasema, "Washa basi."

Issa alinitazama.

"Washa, Issa. Tunasubiri nini?"

"Imewaka, kaka."

Yona akacheka kidogo, akidhani anataniwa. Kisha akaangalia redio, akaona sekunde zinatembea. Akainama mpaka sikio lake likagusa pembe ya dashibodi, akakaa hivyo, halafu akaweka kidole juu ya ile twita, nadhani akausikia mtikisiko wake. Akarudi akakaa wima.

"Anaimba nani?"

Issa akauangalia waya aliokuwa ameushika.

"Ni Damari, siyo?"

"Ni mimi," nikasema. Hilo alilisikia. Sauti yangu ya kuongea ilikuwa bado inamfikia. Ni ile ya kuimba tu iliyokuwa imeshaondoka, na haikuaga.

"Basi," akasema. "Rudisha nyaya zote."

Nesi alipoambiwa alivua miwani, akatupeleka kwa mtaalamu wa masikio mjini. Kilikuwa chumba kidogo kimezungushiwa sponji, chenye dirisha la kioo. Yona alivalishwa vifaa masikioni, akapewa kitufe, akaambiwa akisikia mlio wowote abonyeze. Mimi nilisimama nje ya kioo nikimtazama yule dada mtaalamu akigeuza swichi zake, na kidole gumba cha Yona kikiwa kimetulia juu ya kitufe, kimetulia, kimetulia, hadi nikatamani kubonyeza kwa niaba yake. Baadaye tukaelezwa kwamba sauti za juu ndizo zinazotangulia kuondoka, kisha uharibifu unateremka, na kwamba ukishaanza unaweza usisimame hata dawa zikisimama. Wangeweza kukatiza sindano. Lakini ugonjwa ukirudi, hiyo mara ya pili, hawakuwa na dawa nyingine ya kutuahidi. Wakasema uamuzi ni wa mgonjwa. Walitueleza vizuri, kwa upole, na niliwachukia kwa ule upole, ingawa nilijua hawana kosa. Ningependa tungekuwa na mtu wa kumgombeza.

Jioni hiyo sikutoka chumbani. Niliwasikia sebuleni juu ya ukuta, Mama na mwanawe, na mlio wa kijiko kwenye sahani.

"Mama, mimi ni mwalimu wa kwaya."

"Najua."

"Nikiwa kiziwi nitakuwa nani?"

"Utakuwa hai."

"Hilo si jibu, mama."

"Kiziwi nitampikia, Yona. Atakaa hapo ulipokaa, atakula. Maiti nitampikia nini?"

Kijiko kikanyamaza. Nikasikia hatua za Yona uani, akaja akasimama mlangoni kwangu, ameshika pazia.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nataka uishi."

Akatikisa kichwa polepole. "Wote mnataka niishi," akasema. "Ni mimi tu ndiye sijaulizwa vizuri." Asubuhi iliyofuata nilimwona anavaa koti lake, akaenda kliniki, akachomwa, na akaendelea kwenda kila siku hadi mwisho, hakukosa hata mara moja. Nimewahi kusikia watu wakisifu ushujaa wa namna nyingi. Ule wa Yona haukuwa na uso wa ushujaa. Ulikuwa kama mtu anayekwenda kila asubuhi kuchota maji ya kuuzimia moto wake mwenyewe.

Kwa kuwa sauti zilikuwa zinamwondokea kuanzia juu, akawa anazifuata kuelekea chini. Twita hakuzitaja tena. Alimwambia Issa amchongee sanduku la mbao, aweke sabufa, ile spika kubwa ya sauti nzito, kwenye buti, kisha amplifaya ya pili, kisha betri kubwa, na kila mara Issa alifanya kazi ile kwa uso wa mtu anayechimba kaburi la rafiki yake. Siku moja alijaribu kumzuia. Alimsogelea ili Yona aone mdomo wake, akasema, "Kaka, huu mlio utamaliza hata hayo yaliyobaki."

"Unataka niyatunzie nini?" Yona akajibu.

Gari lilipowashwa muziki sasa bati la jirani lilikuwa linapiga kelele kama limeshikwa na homa. Vikombe vya Mama vilikuwa vinatembea kwenye rafu. Yona alikuwa anakaa ndani, vioo vimepandishwa, paji la uso limeegemea usukani, na mtu aliyepita barabarani aliona kijana anayestarehe. Mwenyekiti wa mtaa akaja, mzee mstaarabu, akakaa sebuleni juu ya vitambaa vyeupe, akasema watu wanalalamika, watoto hawalali mchana, na kijana aliyetoka kuombewa na mtaa mzima anawalipa majirani zake hivi. Nilikuwa nasubiri Mama amwambie. Alikuwa amefunga mikono kwenye khanga. "Samahani sana, ndugu mwenyekiti," akasema. "Ni ujana. Nitamkanya." Mzee alipoondoka nilimuuliza Mama kwa nini hakusema ukweli, akanitazama kama mtu anayetazama kitu cha mbali.

"Vikombe vyangu walishavikataa mara moja," akasema. "Bora waseme anaringa. Anayeringa ataoa. Mgonjwa wa kifua, tena kiziwi, nani atamtaka?"

"Mimi, Mama."

"Wewe bado mtoto, mwanangu," akasema, na akaenda kuviosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea.

Nilikuwa nadhani kiziwi ni mtu aliyezungukwa na ukimya. Yona aliniambia hapana, ndani mna mlio usiokoma, kama mashine iliyoachwa ikiunguruma katika nyumba isiyo na watu. Akawa anatazama midomo. Nilijifunza kutomwita kutoka jikoni, kwenda hadi alipo na kumgusa bega, na kila nilipomgusa alishtuka. Yeye mwenyewe hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani. Jumapili moja, kanisa zima limeinamisha vichwa, kimya, alinigeukia akataka kuninong'oneza, akasema kwa sauti iliyofika hadi madhabahuni, "Nimechoka, Damari." Vichwa vikainuka. Mchungaji akasubiri kidogo, kisha akaendelea na sala, na Yona akainamisha kichwa chake tena, ametulia, hajui. Nilimshika mkono. Alidhani namfariji kwa uchovu.

Kwaya hakuiacha mpaka Krismasi. Aliongoza kwa kumbukumbu na kwa kutazama vinywa vyetu, na kwa muda hakuna aliyegundua, kwa sababu mkono wake ulikuwa unajua kazi. Siku ya Krismasi tulikubaliana kuimba beti tatu. Tukamaliza wa tatu. Mkono wa Yona ukaendelea. Alikuwa amepoteza hesabu ya wimbo wake mwenyewe, amefumba macho, anatuongoza katika ubeti ambao haupo, na kwaya nzima imesimama mdomo wazi inamtazama, na kanisa linatutazama sisi. Nikaanza kuimba ubeti wa kwanza tena, peke yangu, kisha wenzangu wakanifuata. Alipofumbua macho alikuta vinywa vinatembea, akatufunga vizuri mwishoni kwa vidole viwili, watu wakashangilia. Nyumbani, tunakula pilau aliyopika Mama, akasema bila kuinua kichwa, "Mlikuwa mmemaliza, siyo?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Niliona midomo inarudia maneno ya mwanzo." Akatafuna, akameza. "Usinifanyie hivyo tena. Ungeniacha nisimame pale peke yangu, ningejua siku yenyewe imefika." Hakusimama mbele ya kwaya tena.

Alimaliza dawa wakati wa mvua. Vipimo vikatoka safi, nesi akamkumbatia, Mama akachinja kuku na kualika mtaa. Safari hii walikunywa chai. Walikunywa, wakaomba wengine waongezewe, wakaongea wote kwa pamoja kama watu wanavyoongea wakifurahi, na Yona alikaa kwenye kochi katikati yao, macho yanaruka kutoka mdomo huu hadi ule, anacheka wenzake wakishaacha kucheka. Mapafu yalikuwa mazima. Mama alikuwa amepata alichokiomba, na nilimwona amesimama mlangoni na birika mkononi, anamtazama mwanawe akicheka mahali pasipo na kichekesho, na nikajua hatapata furaha hata ya siku hiyo moja. Haikuisha wiki Yona akasema anahamia Kibakwe, kwenye shamba la mama yake, na Mama akafunga vitambaa vyake kwenye khanga moja akamfuata.

Shule zilipofungwa nilikwenda. Milima ya Kibakwe ilikuwa ya kijani hata inaumiza macho ya mtu aliyezoea vumbi letu, na asubuhi kulikuwa na baridi na ukungu. Corolla ilikuwa imeegeshwa kando ya uzio. Kwenye turubai mbele yake Mama alikuwa ameanika maharage, na Yona alipowasha muziki, sauti yote hadi mwisho, maharage yale yalirukaruka kama yako kwenye kikaango. Niliingia nikakaa pembeni yake. Kifua kilinibana kwa mlio. Yeye alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mlango.

"Bado unaipata?" nikauliza kwa midomo.

"Ilikuwa inakuja kwenye mbavu," akasema. "Siku hizi sijui kama ni muziki au ni gari tu."

Nikanyoosha mkono nikazima redio. Nikashika mkono wake, nikauweka kooni kwangu, chini ya kidevu, na nikaimba. Niliimba ile sehemu yangu ya wimbo wa pili, yote, hadi juu kabisa, na sijawahi kuiimba vile mbele ya mtu yeyote. Alifumba macho. Vidole vyake vilikuwa vimetulia, vinasikiliza, na nilidhani, Mungu anisamehe, nilidhani nimepata mlango. Nilipomaliza aliuacha mkono pale kwa muda. Kisha akauondoa taratibu.

"Ni mtetemo tu, Damari," akasema. "Hata mashine ya kusaga inatetemeka."

Nilimwambia nitabaki. Nilimwambia kwa midomo, kwa mikono, nikamwambia kwamba kuna shule Kibakwe, naweza kuomba uhamisho. Alisubiri nimalize. "Kila ukifungua mdomo mimi nakumbuka," akasema. "Nakutazama unaongea, kichwani najaribu kuiweka ile sauti juu ya midomo yako, na kila siku inakaa vibaya zaidi. Siwezi kuishi hivyo. Nataka mtu nisiyemkumbuka." Aliyasema hayo kwa sauti yake kubwa asiyoijua, na jikoni nikasikia mwiko wa Mama ukisimama katikati ya ugali, ukakaa, halafu ukaanza tena. Tulikula. Niliondoka kesho yake na lori lililopakia vitunguu.

Issa aliniambia baadaye kwamba aliitwa Kibakwe kuvitoa vyombo vyote, na kwamba Yona mwenyewe alishika bisibisi, akafungua skrubu moja moja, na kwenye matundu ya spika wakaziba kwa maboksi ili vumbi lisiingie. Mimi nilihama kwaya, kisha nikahama kanisa. Niliolewa, nikazaa, nimekuwa na maisha ambayo siwezi kuyanung'unikia. Yona naye alioa huko huko, mwanamke aliyemkuta Yona tayari amekuwa kiziwi, ambaye sauti yake Yona hakuwahi kuisikia na kwa hiyo hakuwa na cha kupoteza. Alilima. Alizeeka mapema kidogo. Kifua hakikurudi. Kilichomchukua ni homa ya siku chache, kitu cha kawaida kabisa.

Tulipofika msibani na Issa nilikwenda moja kwa moja upande wa jikoni, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kukaa mtu kama mimi. Nikapewa sahani za kuosha. Baada ya mazishi, watu wanapungua, mjane akaja akachuchumaa karibu yangu, mwanamke mwenye uso mpana, amejifunga khanga kiunoni, amechoka. Akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Nikaitikia.

"Wameniambia ulikuwa unaimba naye, dada, huko Dodoma."

"Ndiyo."

"Miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kuimba. Hata shambani. Watoto wananiuliza, wamesikia watu wanasema baba alikuwa mwimbaji, mimi sina cha kuwaambia." Akapangusa mikono yake. "Alikuwa anaimbaje?"

"Sauti ya tatu," nikasema.

Akasubiri. Nikaacha sahani ndani ya maji, nikajaribu kumsikia. Niliipata sauti yangu mwenyewe. Niliipata besi ya wazee wa nyuma, nikakipata kinanda, nikalipata hata bati la jirani wa Kikuyu. Kwenye ile sidii hakuimba, alikuwa anapiga kinanda. Nilimtafuta kanisani, uani, ndani ya gari jioni ile ya zabibu, na kila nilipomfungua mdomo kichwani mwangu ilitoka ile sauti nyingine, kubwa, bapa, ya kiziwi, inayoniambia kuhusu mashine ya kusaga. Ile ya kuimba sikuwa nayo. Sijui niliipoteza mwaka gani.

"Ilikuwa nzuri?" mjane akauliza.

"Ilikuwa nzuri sana," nikamwambia.

Akanishukuru, akabeba zile sahani nilizokwisha kuosha, akawapelekea watoto wake habari hiyo.